Michoro asilia ya injini kongwe za ndege na jinsi inavyosakwa

Ndege nyingi za zamani huachwa ghalani kwa sababu ya kipuri kimoja tu. Pistoni imechakaa au vali imepasuka, hakuna duka linaloiuza, na fundi hawezi kuiunda upya kwa kuwa mchoro uliotumiwa kiwandani hajulikani aliko mwenye kuuhifadhi.

Ndiyo maana kwa majumba ya makumbusho na wamiliki wa ndege kongwe, kusaka michoro asilia ya injini ni kazi inayotangulia kazi ya karakana. Huweza kuchukua miaka, na huhitaji ujuzi wa mwanahistoria na wa mwanasheria sawa na ule wa mhandisi.

Kazi hii si ya kujifurahisha tu. Mnamo Julai 1996, ndege ya kivita ya zamani aina ya Mosquito ilianguka katika maonyesho ya angani huko Barton, karibu na Manchester, Uingereza, na kuwaua watu wote wawili waliokuwamo. Uchunguzi ulibaini kwamba injini moja ilipoteza nguvu kabla ya rubani kushindwa kuidhibiti ndege hiyo. Injini kongwe inaporuka bado hubeba uhai wa watu, na haijali kwamba waliyoiunda wamekwisha kuzeeka au kufariki.

Kilichomo katika mchoro

Mchoro wa kiufundi si picha ya kipuri. Ni amri ya kiwanda iliyoandikwa kwa mistari na tarakimu.

Hueleza vipimo vyote vya kipuri pamoja na tofauti inayoruhusiwa, ambayo aghalabu huhesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Hutaja aina ya metali, jinsi inavyopashwa moto na kupozwa ili iwe ngumu, na ulaini unaohitajika kwenye uso wake. Katika michoro ya Uingereza ya enzi za vita, aina ya aloi mara nyingi ilitajwa kwa herufi DTD na nambari tu, hivyo anayeusoma mchoro leo hulazimika pia kuutafuta waraka unaofafanua nambari hiyo.

Kila mchoro una nambari yake na alama ya toleo. Kipuri kilipobainika kuwa na kasoro, wahandisi waliurekebisha mchoro na kubadilisha alama hiyo. Kwa hiyo, mtu aliyepata mchoro wa toleo la kwanza anaweza kuwa ameshika mkononi kasoro ileile ambayo kiwanda kiliiondoa miaka mingi iliyopita.

Aidha, michoro ya kipuri kimoja kimoja haitoshi bila orodha ya vipuri, mchoro unaoonyesha injini nzima ilivyounganishwa na orodha ya marekebisho yote. Injini moja kubwa huwa na maelfu ya karatasi za namna hiyo.

Injini iliyoundwa bila michoro kamili

Kunazo injini ambazo michoro yake kamili haiwezi kupatikana kwa sababu haikuwahi kuchorwa. Mfano mashuhuri ni ile ya ndege ya ndugu Orville na Wilbur Wright, iliyoruka Desemba 17, 1903 huko Kitty Hawk, Marekani.

Injini hiyo ya silinda nne, yenye nguvu za farasi 12 hivi, iliundwa kwa takriban majuma sita na fundi wao, Charles Taylor. Taylor alisimulia baadaye kwamba hawakuchora michoro rasmi. Mmoja wao alichora kipuri juu ya kipande cha karatasi, naye akakitundika kipande hicho juu ya meza yake ya kazi.

Siku hiyohiyo ya kihistoria, upepo uliipindua ndege hiyo na injini ikavunjika. Ilipokuja kurejeshwa katika umbo lake ili ionyeshwe kwa umma, baadhi ya vipuri vilitolewa kwa injini nyingine za ndugu hao.

Ndege hiyo ilikaa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London tangu 1928 hadi 1948, na wafanyakazi wa jumba hilo waliipima na kuichora. Michoro hiyo ni kumbukumbu ya thamani kubwa, lakini ni michoro ya kitu kilichokwisha kuundwa na kutengenezwa upya. Haiwezi kuhesabiwa kuwa sawa na michoro iliyotangulia injini yenyewe.

Injini moja, michoro ya aina tatu

Hali ni kinyume kabisa kwa injini ya Merlin ya kampuni ya Rolls-Royce, iliyotumiwa katika ndege za Spitfire, Hurricane, Lancaster na Mosquito. Karibu injini 150,000 za aina hiyo ziliundwa, na michoro yake ni mingi. Tatizo ni kujua ni ipi inayohusika.

Rolls-Royce iliwategemea mafundi hodari ambao waliweza kukisawazisha kipuri kwa tupa hadi kikakaa vyema mahali pake. Kampuni ya Ford ya Uingereza ilipotakiwa kuunda Merlin katika kiwanda cha Trafford Park, Manchester, wahandisi wake walilalamika kwamba tofauti zilizoruhusiwa katika michoro hiyo zilikuwa kubwa mno. Walitaka kila kipuri kiingie katika injini yoyote bila kuguswa na tupa.

Hivyo, Ford iliichora michoro upya, kazi iliyochukua muda mrefu kabla ya injini ya kwanza kutoka kiwandani. Hatimaye kiwanda hicho kiliunda zaidi ya injini 30,000.

Nchini Marekani, kampuni ya Packard ilikubali Septemba 1940 kuunda Merlin. Nayo ilibidi iichore michoro upya, kwani Wamarekani na Waingereza walitofautiana hata katika namna ya kupanga sura za kipuri juu ya karatasi. Hata hivyo, Packard ilihifadhi nyuzi za skrubu za Kiingereza, na ikalazimika kujiundia vifaa vya kuzikata kwa kuwa havikupatikana Marekani. Iliunda zaidi ya injini 55,000.

Kwa sababu hiyo, anayetafuta mchoro wa Merlin hana budi kwanza kujua injini yake ilitoka kiwanda kipi, ni ya aina ipi na imefanyiwa marekebisho yapi. Swali la jumla kuhusu "michoro ya Merlin" halina jibu moja.

Kufuata ukoo wa kampuni

Msako wenyewe huanzia kwenye injini. Bamba la utambulisho huonyesha aina na nambari ya injini, na vipuri vingi vimegongwa nambari zao. Nambari hizo hulinganishwa na zile za kitabu cha vipuri, kwani nambari ya kipuri mara nyingi ndiyo inayoelekeza kwenye nambari ya mchoro.

Hatua ya pili ni kufuatilia ukoo wa kampuni. Viwanda vingi vilivyounda injini hizo vilinunuliwa, vikaunganishwa au vikafungwa, na michoro ikahama pamoja na mali nyingine.

Chukua mfano wa injini za Gipsy, ambazo si ngeni katika historia ya Kenya. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929 na Florence Kerr Wilson, ilianza kazi kwa ndege aina ya Gipsy Moth. Uwanja wa ndege wa Wilson una jina la mwanamke huyo hadi leo. Jeshi la Wanahewa la Kenya nalo lilipoundwa mwaka wa 1964, marubani wake walijifunzia katika ndege za Chipmunk zenye injini ya Gipsy Major.

Gipsy ilibuniwa na Frank Halford kwa ajili ya kampuni ya de Havilland. Mwaka wa 1961, kitengo cha injini cha de Havilland kilitwaliwa na Bristol Siddeley. Mwaka wa 1966, Bristol Siddeley ikanunuliwa na Rolls-Royce. Anayeanza msako wake kwa jina la de Havilland peke yake atakwama njiani, ilhali anayeujua ukoo huo atajua milango ya kubisha.

Linganisha na ndege za Beaver, ambazo pia zilitumiwa na jeshi hilo la Kenya katika miaka yake ya mwanzo. Injini yake, Wasp Junior, iliundwa na Pratt & Whitney, kampuni ambayo ingali ipo kwa jina lilelile.

Baadhi ya warithi wa viwanda wamejali urithi huo. Rolls-Royce ilianzisha mwaka wa 1981 shirika la kuhifadhi historia yake, lenye matawi katika miji kama Derby na Bristol ambako wahandisi wastaafu hujitolea kupanga kumbukumbu. Nchini Marekani, Jumba la Makumbusho ya Anga la Smithsonian lina hifadhi kubwa ya michoro na vitabu vya mafundi, mingi ikiwa katika maikrofilamu. Kwa injini na ndege za Ujerumani, Deutsches Museum mjini Munich huhifadhi nyaraka za kampuni kama Junkers, Heinkel na Messerschmitt.

Anayewaandikia watunzaji kumbukumbu hufanikiwa zaidi akitaja nambari kamili ya kipuri, aina ya injini na sababu ya ombi lake. Ombi la "michoro yote" huwa halina mahali pa kuanzia.

Hazina ya Broughton

Wakati mwingine michoro huokolewa dakika ya mwisho. Mwaka wa 2017 ilitangazwa kwamba zaidi ya michoro 20,000 ya ndege ya Mosquito ilikuwa imepatikana katika jengo la kiwanda cha Airbus huko Broughton, Wales, muda mfupi kabla ya jengo hilo kubomolewa. Michoro hiyo, ya ndege yenyewe wala si ya injini zake, ilikuwa katika kadi za maikrofilamu na ilikabidhiwa shirika la hisani linalokusudia kuirejesha Mosquito angani nchini Uingereza.

Tukio hilo linaonyesha hatari kubwa inayoikabili michoro yote ya aina hii. Haikuwa imefichwa na mtu. Ilikuwa imesahaulika tu, na tingatinga lingeweza kuifukia bila yeyote kutambua kilichopotea.

Siri za biashara mahakamani

Kuna nyakati mahali pa michoro panajulikana, lakini mlango umefungwa. Greg Herrick, Mmarekani mwenye ndege adimu ya miaka ya 1930 aina ya Fairchild F-45, aliiomba idara ya serikali inayosimamia usafiri wa anga impe nakala za michoro iliyokuwa katika majalada yake. Alikataliwa kwa hoja kwamba ilikuwa siri ya kibiashara ya kampuni iliyoirithi Fairchild, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwaka wa 2002.

Mwenzake, Brent Taylor, aliwasilisha ombi kama hilo na kufungua kesi yake mwenyewe. Mnamo Juni 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba Taylor hangeweza kunyimwa haki ya kusikilizwa eti kwa sababu Herrick alikuwa ameshindwa.

Mwaka wa 2012, bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoiruhusu idara hiyo kutoa data za ndege au injini bila idhini ya mmiliki wa cheti, mradi cheti hicho hakijatumika kwa muda wa miaka mitatu au zaidi, mmiliki au mrithi wake ametafutwa bila kupatikana, na kutolewa kwa data hizo kutaimarisha usalama. Sheria hiyo ilitambua jambo ambalo mafundi walikuwa wakilisema kwa miaka mingi, kwamba siri isiyo na mwenyewe haimfaidi yeyote.

Mchoro ukikosekana

Pale ambapo mchoro haupatikani, mafundi hupima kipuri cha zamani, siku hizi kwa mitambo ya miali ya mwanga, kisha wakachora upya kwa kompyuta. Njia hii ina mipaka yake. Kipuri kilichotumika kimepungua kwa kusuguliwa, na hakisemi kama kipimo chake cha awali kilikuwa cha juu au cha chini katika tofauti iliyoruhusiwa. Aina ya metali hubainishwa maabara, lakini kusudi la mbunifu halionekani kwa darubini.

Hata penye michoro, huenda baadhi ya maarifa hayakuandikwa. Wahandisi wa NASA walipoifungua injini ya roketi ya F-1 na kuijaribu sehemu yake huko Huntsville mwaka wa 2013, michoro ya miaka ya 1960 ilikuwapo. Hata hivyo, waligundua kwamba waunganishaji wa metali wa enzi hiyo walikuwa na mbinu zao za mkono ambazo hazikuingizwa katika karatasi yoyote. Ilibidi injini yenyewe ipimwe upya.

Kwa sababu hiyo, msako kamili hauishii kwenye mchoro. Hujumuisha vitabu vya ukarabati, ripoti za majaribio, taarifa za kasoro na kumbukumbu za mafundi wazee ambao wangali hai.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa injini kongwe, mchoro ndio daftari. Karakana, shirika la reli, bandari au kiwanda chochote cha Kenya chenye mitambo ya zamani kinaweza kuchukua funzo lilo hilo: kabla ya kabati la michoro kuuzwa kama karatasi chakavu, mtu mmoja aorodheshe nambari zilizomo na aandike itakakopelekwa. Kazi ya siku chache leo yaweza kumwondolea fundi wa kesho msako wa miaka.