Wasindikizaji wa Shujaa: Takriri na Wahusika Waliosahauliwa katika Dragon Ball

Katika lugha ya mashindano Waswahili tuna neno la upole lenye makali ndani yake: msindikizaji. Huyo ni mwanariadha aliyeingia uwanjani pamoja na wenzake, akavaa namba kifuani, akakimbia mpaka mwisho, ilhali kila mtazamaji alijua tangu mwanzo kwamba hakuja kushinda bali kumsindikiza mshindi. Sijaona neno jingine linalowafaa zaidi wahusika wasaidizi wa zile katuni ndefu za Kijapani za mapigano, ziitwazo anime, ambazo vijana wetu huzifuata kwa miaka bila kuchoka.

Hata wapenzi wa katuni hizo huzilaumu kwa mambo mawili. La kwanza, husimulia jambo lile lile: adui anatokea, shujaa anazidiwa, anajifua, anarudi na kushinda, kisha anatokea adui mwenye nguvu zaidi. La pili, marafiki wa shujaa husahauliwa njiani. Mimi niliyefundisha fasihi katika chuo cha ualimu kwa miaka mingi nakubali kwamba yote mawili yapo. Ninalolikataa ni dai kwamba la kwanza ndilo linalozaa la pili. Takriri peke yake haina hatia, na historia ya simulizi moja, Dragon Ball ya Toriyama Akira, yatosha kulionyesha hilo.

Dragon Ball ilianza kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 1984 katika Shonen Jump, jarida la kila juma la Japani. Mbegu yake ilitoka mbali zaidi: riwaya ya Kichina iitwayo Xiyouji, yaani Safari ya Magharibi, iliyochapishwa mwaka 1592 ikiwa na sura 100, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Wu Cheng'en. Inamhusu mtawa Xuanzang, mtu wa kweli aliyekwenda India katika karne ya 7 kutafuta maandiko ya Kibuddha. Riwayani anafuatana na tumbili mwenye nguvu za ajabu, Sun Wukong. Mlafi mwenye sura ya nguruwe, Zhu Bajie. Na Sha Wujing, zimwi la mtoni lililotubu. Jina Sun Wukong likisomwa Kijapani huwa Son Goku, nalo ndilo jina la shujaa wa Toriyama. Binti Bulma alishika nafasi ya mtawa, Oolong nafasi ya nguruwe, na Yamcha, mnyang'anyi wa jangwani, nafasi ya Sha Wujing.

Riwaya hiyo imejaa takriri. Mtawa anatekwa na zimwi linalotaka kumla, Wukong anapigana, anazidiwa, anakwenda kuomba msaada mbinguni, mtawa anaokolewa, safari inaendelea mpaka kwa zimwi la pili. Sha Wujing ndiye anayesahaulika kuliko wote. Wukong na Bajie wanagombana na kutuchekesha, naye anabaki nyuma akimlinda mwalimu wao na mizigo. Lakini tazama mwisho wake. Katika sura ya 99 misukosuko ya safari inahesabiwa, inapatikana 80. Hesabu takatifu ni 81, yaani tisa mara tisa, kwa hiyo Guanyin anaamuru waongezewe mmoja. Katika sura ya 100 kila msafiri anapewa daraja lake: mtawa na tumbili wanakuwa Mabuddha, Bajie anakuwa msafishaji wa madhabahu, Sha Wujing anakuwa arhati mwenye mwili wa dhahabu, na hata farasi aliyembeba mtawa anapata hadhi yake ya joka. Takriri ile ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo ilikuwa ya wote.

Dragon Ball nayo ilianza kama safari ya wengi, ya kutafuta mipira saba ya joka. Kilichoigeuza ni soko. Shonen Jump lilikuwa likiweka ndani yake kadi za posta ambazo wasomaji walizirudisha wakitaja hadithi walizozipenda. Hadithi iliyokosa kura ilikuwa hatarini kukatishwa. Kura za Dragon Ball zilipolegea, mhariri wake, Torishima Kazuhiko, alimweleza Toriyama kwamba shujaa wake amepwaya. Jawabu likawa kumjenga Goku juu ya nia moja, kuzidi kuwa na nguvu, na kumweka katika mashindano makubwa ya mapigano yaitwayo Tenkaichi Budokai. Kura zikapanda. Katikati ya miaka ya 1990 jarida hilo lilikuwa likitoa nakala zaidi ya milioni 6 kwa juma.

Tangu hapo takriri ilibadilika umbo, ikatoka kuwa duara ikawa ngazi. Katika duara, si lazima zimwi la kumi limpite la tisa kwa nguvu. Yatosha liwe na hila yake. Katika ngazi, kila adui lazima awe juu ya aliyemtangulia. Toriyama alifikia hatua ya kuipa ngazi hiyo tarakimu. Raditz aliposhuka duniani, kipimo chake kilimpa mkulima mwenye bunduki alama 5, Piccolo 322 na Goku 334. Haukupita muda mrefu wa masimulizi kabla ya Freeza, kwenye sayari ya Namek, kujitangaza kuwa na 530,000, na hapo hajabadili umbo hata mara moja. Ni binadamu gani wa kawaida angeifuata hesabu hiyo? Simulizi ikishaweka kipimo kimoja tu cha thamani ya mtu, kila asiyekifikia hana kazi tena, awe na akili, ucheshi au upendo kiasi gani.

Yamcha ndiye mfano ulio wazi zaidi. Alipotokea mara ya kwanza alikuwa tishio: jambazi mwenye upanga na pigo lake la ngumi ya mbwamwitu, lakini mbele ya wasichana alitetemeka. Woga huo ndio uliomfanya awe mtu, si misuli tu. Aliingia katika mashindano matatu, na mara zote tatu akatolewa katika pambano lake la kwanza baada ya mchujo: kwanza na Jackie Chun, kisha na Tenshinhan, kisha na Shen. Kila aliyemtoa alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na kushindwa kwa Yamcha ndiko kulikotumika kututambulisha uzito huo. Katika vita na Wasaiya, kijitu kilichooteshwa ardhini kama mbegu kilimkumbatia kikalipuka naye, akafa amejikunja shimoni. Mipira ya joka ilimfufua, ila haikumrudishia kazi. Bulma, aliyekuwa mpenzi wake, alizaa na Vegeta, mmoja wa wavamizi wale wale.

Ngazi hiyo ilikuwa na mwenzake, nayo ni saa ya televisheni. Kampuni ya Toei ilianza kurusha katuni ya Dragon Ball Februari 1986, ikatoa vipindi 153. Ikafuata Dragon Ball Z yenye vipindi 291, hadi Januari 1996. Kurasa chache za kila juma hazikutosha kujaza kipindi, na katuni haikuweza kumpita mchoraji aliyekuwa bado anatunga. Ikabidi ivutwe. Freeza aliposema kwamba sayari imebakiza dakika tano kulipuka, watazamaji walizingoja dakika hizo kwa majuma. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa na taifa zima.

Hata hivyo, maji hayo ndiyo yaliyowafikia wenye kiu. Ni katika vipindi vya nyongeza, visivyomo katika vitabu vya Toriyama, ambamo Yamcha, Tenshinhan na Chaozu, wakiwa wafu wanaofunzwa na Kaio, walipambana na kikosi cha Ginyu wakakishinda. Ni humo pia ambamo Goku na Piccolo walikwenda kujifunza kuendesha gari. Mwaka 2009 katuni hiyo ilipohaririwa upya kwa jina la Dragon Ball Kai, nyongeza nyingi ziliondolewa. Kasi ilirudi, na wengi wakafurahi kwa haki. Lakini pamoja na maji yalimwagwa pia matone machache waliyokuwa wameachiwa wasindikizaji. Anayedhani kwamba dawa ya takriri ni kufupisha tu na alifikirie hilo.

Dawa yenyewe Toriyama aliionyesha kwa mkono wake. Cell, akiwa katika umbo lake la pili, anamfukuza Namba 18 ili amle. Tenshinhan, ambaye ngazi ilimwacha chini zamani, anatokea angani na kumpiga kwa Kikoho, pigo linalokula uhai wa mpigaji. Cell hafi, anazama shimoni tu. Anapoinuka, pigo linashuka tena. Anainuka, linashuka tena. Halibadiliki na halizidi ukubwa. Linarudi tu, na kila linaporudi mpigaji anakaribia kufa, huku waliokuwa wakiwindwa wakipata nafasi ya kukimbia. Hiyo ni takriri safi kabisa, nayo ndiyo inayompa msindikizaji utukufu, kwa kuwa kwa kurasa hizo chache swali si nani ana nguvu zaidi, bali nani yuko tayari kutoa nini kwa ajili ya nani.

Sisi tunaotunga tunaijua siri hiyo kwa masikio. Katika utenzi, vipande vitatu vya mwanzo vya ubeti hufuatana kwa kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kina hicho hurudi mara mia, mara elfu, wala hakuna anayekidai kipande cha nne kipige kelele zaidi kuliko kilivyopiga katika ubeti uliotangulia. Kazi yake ni kuzikusanya beti zote chini ya paa moja, ndogo kwa kubwa.

Wasomaji wa Dragon Ball nao hawakuridhika na Yamcha kuachwa nje ya paa hilo. Mwaka 2016 ilianza kutolewa manga fupi ya Dragongarow Lee, ambamo kijana anayeijua hadithi yote anazinduka akiwa ndani ya mwili wa Yamcha, naye anaazimia kuigeuza hatima yake. Manga hiyo isingeandikwa kama Yamcha hangekuwa na watu waliobaki wakimhesabu.

Basi tunapoisoma kazi ndefu, au tunapoitunga, tusiulize tu ni mara ngapi jambo limerudiwa. Tuulize kila linaporudi limemkuta nani, na kama yumo katika hesabu.