Mimi Nikilowa Nitakauka

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwetu Mabatini dalili ya mvua ni kelele. Tone la kwanza likigonga bati, mtaa mzima unasikia, na mama zetu wanakimbilia nguo kambani kabla hawajakimbilia watoto. Kelele hiyo ndiyo iliyonisukuma nikafungue vitabu vya historia.

Masika yaliyopita, mwezi wa tatu, nilikuwa nafunga mzigo wa kwenda Bukoba. Ndugu msomaji, kama hujafika Bukoba wakati huo, usidhani unaijua mvua. Mwanza tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Wenzetu wanapata kama 2,000, na mwezi wa nne ndio balaa lenyewe. Sababu ni ziwa. Pepo za kusini-mashariki hupita juu ya maji, hubeba unyevu, kisha hukutana na vilima vya upande wa magharibi na kuutua mzigo wao hapo hapo.

Rafiki yangu mmoja Mhaya alinipa somo. "Jinzi acha nyumbani, mshikaji. Ikilowa haikauki mpaka urudi." Akaniambia nichukue suruali mbili za kitambaa chepesi, sweta moja la usiku, gambuti, malapa, mwavuli na koti la mvua, na kila shati nilifunge peke yake kwenye nailoni. Hapo nikakuna kichwa. Ile mifuko ya rambo tuliyoizoea, tuliyokuwa tukiivaa hata kichwani mvua ikitukuta njiani, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Na koti la mvua nyumbani kwetu halijawahi kuwepo.

Jioni hiyo mama akarudi kutoka Igombe ametota, kanga imemgandama mwilini, meno yanagongana. Mama hununua dagaa wabichi alfajiri, huwaanika, kisha huwauza Mwaloni Kirumba. Mvua ilikuwa imewakuta dagaa wakiwa mchangani. Turubai lilikuwepo, tena zuri, lakini lilikuwa la dagaa. Nikamfokea, Mungu anisamehe. Kwa nini hukuingia chini ya turubai na wewe?

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. "Dagaa wakilowa ni hasara. Mimi nikilowa nitakauka."

Alikohoa wiki mbili. Nami katika wiki hizo nikawa najiuliza: hesabu hii ya kufunika mzigo na kumwacha mtu, tumeitoa wapi?

Hebu tuanze na neno mtumba. Siku hizi ukilitaja, kila mtu anaona nguo kuukuu za Ulaya. Lakini zamani za misafara, karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa vizuri likatosha mpagazi mmoja, ratili 60 hadi 70, yaani kama kilo 30. Ndani yake kulikuwa na merikani iliyofumwa Marekani na kaniki nyeusi ya Bara Hindi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, yaani babu zetu sisi. Walibeba nguo za kuwavika watu mia, na wao wenyewe wakatembea na shuka moja kiunoni.

Sasa msikilize Henry Morton Stanley. Machi 1872 aliondoka Unyanyembe kurudi pwani, akiwa na barua na maandishi ya Livingstone ndani ya sanduku. Masika yalikuwa yamefungua milango yote. Walipofika kwenye mto uliofurika, kijana mmoja, Rajabu, akaingia majini na sanduku lile kichwani, maji yanapanda kifuani. Stanley, kama alivyoandika mwenyewe kitabuni mwake bila haya yoyote, akamwelekezea bastola, akamwonya kwamba akiliangusha atampiga risasi. Hata picha ya tukio hilo imo kitabuni. Sanduku lilivuka salama. Kijana naye alivuka, lakini hiyo haikuwa habari kubwa.

Mwaka uliofuata, 1873, Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo, baada ya miezi ya kupigwa na mvua kwenye vinamasi vya Bangweulu. Watu wake, akina Susi na Chuma, wakafanya kazi ya kufunga mzigo ambayo sijui kama ina mfano. Moyo waliuzika pale. Mwili wakaukausha juani kama siku 14, wakauzungushia kaliko, wakautia ndani ya gome la mti, wakaushonea turubai na kulipaka lami ili maji yasipenye. Wakaubeba mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Maiti ilikuwa kavu. Waliokuwa hai walivuka mito kwa miguu yao, na wengine walifia njiani.

Na kwetu je? Februari 1875 Stanley huyo huyo alifika Kageye, kwenye Ghuba ya Speke, si mbali na hapa Mwanza. Mashua yake, Lady Alice, ilikuja ikiwa vipande vipande mabegani mwa watu kutoka pwani, mwendo wa siku 103. Tarehe 8 Machi akaingia ziwani na mabaharia 11, akarudi tarehe 6 Mei. Piga hesabu: ni masika yote, ndani ya mashua isiyo na paa. Wakati huo koti la mpira lilikuwa limekwisha kugunduliwa na Charles Macintosh tangu mwaka 1823!

Nilipofika hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba lawama zote ni za mzungu. Lakini haki isemwe. Nguo ile ilikuwa fedha. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ni shuka mbili, na kwa hizo msafara ulinunua posho, ukatoa hongo kwa watemi, ukalipa ujira. Mtumba ukioza, mpagazi naye analala njaa. Kwa hiyo hata yeye aliulinda kuliko mgongo wake, hata pale ambapo hakuna aliyemshikia bastola. Mama yangu hakuwa mjinga. Dagaa wakilowa wanaharibika, wanaishia kuwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa, na ada ya mdogo wangu inakwenda nao. Tofauti ni kwamba bastola yake siku hizi haionekani.

Basi nikaenda soko la Mlango Mmoja. Muuzaji alikuwa ndiyo kwanza amefungua belo, na humo nikaokota makoti mawili ya mvua, la bluu na la njano. Mtumba ule ule, ila safari hii nguo zilikuwa za kuvaliwa na sisi. Nikampa mama la njano. Akalivaa, akajitazama, akacheka kwamba sasa amekuwa trafiki.

Nilipopanda meli akanipigia simu. Wala hakuuliza habari za koti. "Boya umeliona liko wapi?" Watu wa Mwanza wa umri wake hawajasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikija huku kwetu, na makaburi ya Igoma yapo. Nikamwambia nimeliona. Nikaenda kulitafuta baada ya kukata simu.

Bukoba ilininyeshea siku tisa. Koti langu lilivuja begani tu.

Niliporudi nilipitia Igombe moja kwa moja, maana wingu jeusi lilikuwa limetanda. Mama alikuwa mvuani na kanga yake. Turubai halikutosha siku hiyo, dagaa walikuwa wengi. Pembeni, juu ya fungu la mwisho, lilikuwa limetandazwa koti la njano, mikono yake imekandamizwa kwa mawe.

Sikufoka. Nilivua la kwangu nikamvika yeye, nikalifunga vifungo vyote mimi mwenyewe ili asipate nafasi ya kulivua.