Alhamisi: Siku ya sita iliyobeba jina la tano

MWANAFUNZI wa shule ya msingi katika kijiji cha Sugoi, karibu na mji wa Eldoret, huanza wiki ya masomo Jumatatu. Kwake hiyo ni siku ya kwanza, ilhali jina lake linataja tatu. Akiendelea kuhesabu hufika Jumatano, kisha badala ya “Jumasita” hukutana na Alhamisi.

Chanzo cha utata huu ni hesabu mbili zilizokutana katika lugha moja.

Hesabu ya kwanza ni ya Waswahili wenyewe. Juma lao hukamilika kwa sala ya Ijumaa, jina litokanalo na neno la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika. Siku inayofuata ndiyo ya kwanza, yaani Jumamosi. Hufuata Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Hesabu ya pili ni ya Waarabu, ambao huanzia Jumapili. Kwao “al-khamis” ni siku ya tano. Kiswahili kililipokea jina hilo bila kubadilisha hesabu yake, na kwa hivyo siku mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi, zote zina maana ya tano. Neno hilohilo limezaa majina ya watu: Hamisi kwa mvulana aliyezaliwa siku hiyo, na Mwanahamisi kwa msichana.

Kiswahili hakiko peke yake. Wahausa wa Afrika Magharibi husema Alhamis, na Wamalagasi husema Alakamisy. Wareno, waliojenga Fort Jesus mjini Mombasa kuanzia 1593, huiita quinta-feira, nalo pia lina maana ya tano.

Wala si Waswahili pekee walioipanga wiki kwa kufuata ibada. Katika Kiayalandi cha kale, Jumatano iliitwa cétaín, yaani mfungo wa kwanza, kwa kuwa Wakristo wa enzi hizo walifunga Jumatano na Ijumaa. Alhamisi iliyokuwa katikati ikaitwa dardaín, siku iliyo kati ya mifungo miwili.

Ipo tofauti nyingine inayoweza kumponza msemaji. Kwa desturi ya Kiislamu, siku mpya huanza jua linapotua. Hivyo, kwa mzee wa Lamu anayefuata desturi hiyo, “usiku wa Alhamisi” ni ule unaoanza Jumatano magharibi. Mgeni kutoka Sugoi aliyealikwa harusini kwa maneno hayo huenda akafika siku ya pili, karamu imekwisha. Ndiyo maana ni salama zaidi kusema “usiku wa kuamkia Alhamisi” au “Alhamisi jioni”, kulingana na kinachokusudiwa.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 huihesabu Jumatatu kuwa siku ya kwanza ya wiki, sawa na mwanafunzi wa Sugoi. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha majina haya hana budi kuanzia Jumamosi. Asipofanya hivyo, mtoto atayakariri bila kujua kwamba yana hesabu ndani yake.