Mshubiri hupandwa uani, haung'olewi porini

MSHUBIRI ni mmea wa majani manene yenye miiba pembezoni na utomvu mchungu, ndiposa jambo gumu likasemwa kuwa chungu kama shubiri. Aina iitwayo Aloe secundiflora humea yenyewe katika nyika za Isiolo.

Mwaka 1986, amri ya rais ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini nchini Kenya, kwani biashara ya utomvu ilitishia kuimaliza. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka utaratibu wa kuikuza na kuiuza. Kwa hivyo, anayeutaka mmea huu uani mwake aununue kitaluni.

Upandwe penye jua, katika udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Unyweshwe tu udongo unapokauka kabisa, kwani mmea huu huvumilia kiangazi lakini mizizi yake huoza upesi kwenye tope. Wakati wa kuvuna, yakatwe majani machache ya chini, kiini kiachwe kikue.

Utomvu wake wa manjano huharisha, hivyo usinywewe kiholela, hasa na wajawazito.