Nyigu aliyeikomboa michungwa ya Réunion

Katika miaka ya 1970, wakulima wa kisiwa cha Réunion, milki ya Ufaransa iliyoko mashariki ya Madagascar, waliishuhudia michungwa yao ikifa. Majani yaligeuka manjano, matunda yakapinda na kubaki ya kijani, machungu. Ugonjwa huo, ambao hauna tiba hadi leo, hutokana na bakteria wanaosambazwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa majani machanga. Réunion ilikuwa na wadudu wa aina mbili: wa Kiafrika, waliotamalaki milimani kwenye baridi, na wa Kiasia, waliopenda joto la pwani.

Wataalamu, miongoni mwao Bernard Aubert, waligeukia nyigu. Si wale wanaouma watu; hawa wana urefu wa takriban milimita moja tu. Jike hutaga yai chini ya mdudu mchanga aliyeganda kwenye jani, na buu anayeanguliwa humnyonya mwenyeji wake hadi akabaki ganda tupu.

Kati ya 1976 na 1978 waliletwa nyigu wa aina mbili, mmoja kutoka Afrika Kusini na mwingine kutoka India. Mdudu wa Kiasia alipungua sana. Wa Kiafrika, kufikia mapema miaka ya 1980, alikuwa ametoweka kabisa kisiwani.

Mbona basi nyigu yuleyule hajamtokomeza mdudu huyo kwao Afrika Kusini? Kwanza, huko naye ana maadui, nyigu wengine wanaomshambulia. Hao walichujwa kwa uangalifu na kuachwa nyuma. Sababu ya pili ilikuwa bahati, na pengine ndiyo iliyoamua mambo. Réunion ilikuwa na kichaka cha porini chenye mdudu mwingine wa ukoo huo, asiyedhuru michungwa. Windo lilipoadimika mashambani, nyigu waliishi kwa huyo wa porini, kisha wakarejea.

Hata hivyo nyigu hauponyi mti uliokwisha kuugua, na Réunion ililazimika pia kupanda miche safi. Florida, Marekani, ilianza kuwaachilia nyigu mwaka 1999 dhidi ya mdudu wa Kiasia, lakini ugonjwa uligunduliwa huko mwaka 2005, na mavuno ya machungwa yameporomoka kwa zaidi ya asilimia 90.

Mdudu huyo wa Kiasia aliripotiwa Tanzania mwaka 2016, na baadaye Kenya. Yule wa Kiafrika hulemewa na joto la nyanda za chini. Huyu hulipenda, na joto la namna hiyo ndilo la Muheza, mkoani Tanga, ambako michungwa ni riziki ya familia nyingi.