Nipe Mji

Bibi yangu hakuwahi kutoa jibu la kitendawili bure. Tukishindwa alinyamaza, akaendelea kupeta mchele, kisha akasema, "Haya, nipeni mji." Tukamtajia Tanga. Akaikataa, Tanga alikwisha kupewa jana, na hakuambulia kitu huko ila joto. Tukampa Mombasa. Hapo akajiweka sawa, akasafiri, akala pilau ya watu, akatusimulia aliowakuta, ndipo akarudi na jibu. Nyumba isiyo na mlango ni yai, na mayai yalikuwa kikapuni nyuma yake muda wote.

Kikapu kile hunijia kila nisomapo habari za vikao vya wapenzi wa hadithi za upelelezi. Mwaka 1930 waandishi wa Uingereza walianzisha Detection Club mjini London, G. K. Chesterton akawa rais wao wa kwanza. Mwanachama mpya aliapishwa mbele ya fuvu la kichwa, walilolipa jina la Eric, kwamba mpelelezi wake atafumbua kesi kwa akili, si kwa ufunuo wa Mungu wala kwa sadfa, na kwamba hatamficha msomaji dalili yoyote muhimu. Kiapo kilikuwa na mzaha ndani yake, sharti halikuwa na mzaha. Mayai yawepo kikapuni, na kikapu kionekane.

Ila London anayeapishwa ni mtegaji. Kwetu anayetozwa ni mteguaji aliyeshindwa, tena anatozwa mji mzima!

Walio karibu zaidi na baraza la bibi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Katika klabu yao ya riwaya za upelelezi, mtunzi huwasomea wenzake kisa kwa sauti, akakatiza pale dalili zote zinapokuwa zimekwisha kutoka. Wasikilizaji ndio wamtaje muuaji na waeleze wamemjuaje. Humo ndimo alimotokea Yukito Ayatsuji, ambaye riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1987, inahusu wanafunzi wa klabu kama hiyo hiyo. Hata hivyo tusikimbilie kusema ni mamoja. Jioni ile binamu yangu alijibu, "Kaburi." Nalo halina mlango. Kyoto wangemsikiliza hoja yake hadi mwisho. Bibi alimtazama tu, akasema, "Nipe mji." Kitendawili kina jibu lililokwisha kukubaliwa na wenyeji, na kukijua ni sehemu ya kuwa mwenyeji.

Wale wapenzi wa Sherlock Holmes wa New York, Baker Street Irregulars, walioanzishwa na Christopher Morley mwaka 1934, wao kila mtu anamjua muuaji tangu zamani. Wanabishana jeraha la Watson, mwenzake Holmes, lilikuwa begani au mguuni, kwa kuwa vitabu vyenyewe vinapingana. Mchezo wa walioshiba, lakini mtamu.

Nasi tuna mpelelezi wetu, Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa 1960. Kiko cha Bwana Msa ni cha Sherlock Holmes, na Najum, msaidizi wake, ni Watson. Hilo halina ubishi, na wapo walioishia hapo wakasema ni uigaji. Nadhani waliangalia kiko wakasahau maiti. Maiti imekutwa mzimuni, mahali pa matambiko, ambapo wenyeji huogopa hata kuuliza. Padri Ronald Knox, katika amri zake kumi za 1929 kwa waandishi wa hadithi za upelelezi, aliifukuza mizimu yote mlangoni, kwa sababu kwake mzimu ni ujanja wa mwandishi aliyeishiwa. Abdulla anaukaribisha ndani, anaupa kiti, kisha anauhoji. Kwake mzimu ni kauli ya majirani, na kauli ya jirani ni ushahidi: huitupi, unaipima, unatafuta nani anafaidika ikiaminiwa.

Ningepewa kuongoza kikao juu ya kitabu hicho, ningekisoma kwa sauti hadi Bwana Msa anapokaribia kufumbua, nikakifunga, nikadai mji. Atakayejibu kwamba ni mzimu nisingemcheka. Ningemuuliza nani alimwambia.