Taji la Gondar na mihadhara ya London

Ukisema makumbusho, vijana wengi wanafikiria mifupa na mikuki. Lakini kuna makumbusho ya sanaa za mapambo, yanayotunza vitu vya kutumika vilivyotengenezwa kwa ustadi: vitambaa, vyungu, viti, vito. Yanayojulikana zaidi yako London, yanaitwa Victoria and Albert.

Yalianza mwaka 1852, na mkurugenzi wake wa kwanza, Henry Cole, alikuwa na wazo ambalo mimi kama mtu wa vijana nalipenda. Alitaka hata fundi wa kiwandani aje aone vitu vizuri, ajifunze. Sasa fundi anatoka kazini giza limeshaingia. Basi yalipohamia South Kensington mwaka 1857, wakaweka taa za gesi ili watu waingie jioni. Wakaweka na mahali pa kula, jambo ambalo makumbusho ya wakati ule hayakuwa nalo. (Aliyewahi kuandaa semina hapa Kakuma hahitaji kuelezwa sababu. Bila chai na mandazi unabaki wewe na viti.) Ukajengwa pia ukumbi wa mihadhara, na mpaka leo wataalamu wanasimama mbele ya watu kueleza kitu kimoja kimoja: kimetengenezwa na nani, kwa madini gani, lini.

Swali gumu ni lingine: kimefikaje hapa?

Chukua taji moja la dhahabu lililomo humo. Ni kazi ya mafundi wa Ethiopia, miaka ya 1740 hivi, na inaaminika Malkia Mentewab na mwanawe walilitoa kwa kanisa la Gondar. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Mfalme Tewodros II alimwandikia barua Malkia Victoria. Akangoja jibu, halikuja. Sisi wa kambini tunajua kungoja barua, ila yeye alikuwa na jeshi: akawafunga Wazungu waliokuwa nchini kwake. Aprili 1868 Waingereza wakaipanda ngome yake ya Maqdala. Mateka walikuwa wameshaachiliwa, lakini shambulio likaendelea. Tewodros akajiua, askari wakapora ngome na kanisa. Ngawira ikabebwa na tembo 15 na nyumbu wa mizigo karibu 200, ikapigwa mnada, askari wakagawana pesa. Kati ya wanunuzi alikuwemo mtu wa British Museum, Richard Holmes. Yaani makumbusho yalikuwa na mtu wao palepale vitani.

Mwaka 2018, miaka 150 baadaye, taji hilo, kikombe cha dhahabu cha kanisa na gauni la malkia vilionyeshwa pamoja London, na safari hii historia ya uporaji ikasemwa wazi. Mkurugenzi akasema vinaweza kwenda Ethiopia kwa mkopo wa muda mrefu. Kurudisha moja kwa moja, sheria ya Uingereza ya 1983 inawabana. Mimi naona kusema ukweli ni hatua, lakini ni hatua fupi.

Niliwaonyesha vijana wangu picha ya taji kwenye simu. Mmoja, ambaye bibi yake ni wa Gondar, akauliza: "Kwa hiyo wanatukopesha cha kwetu?" Walicheka, yeye hakucheka.

Tangu hapo Jumamosi zetu zimekuwa za mihadhara. Kila mtu analeta kitu kimoja alichotoka nacho nyumbani na anajibu maswali matatu: nani alikitengeneza, kwa nini, kimefikaje hapa. Dada mmoja wa Uvira alileta ufunguo. Nyumba sasa ina watu wengine, kufuli limebadilishwa, yeye bado anaupaka mafuta usishike kutu. Alizungumza dakika arobaini, na mimi nilikuwa nimempangia kumi.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kijana Mnuer na kigoda cha babu yake. Wafanyakazi wa mashirika mnakaribishwa pia, ila nanyi mje na kitu cha kwenu.